Kalamu Haikuwa na Makosa, Ni Wino

Wiki mbili zilizopita niliweka hapa picha ya karatasi moja. Karatasi yenyewe ilikuwa na doa kubwa la bluu, na chini ya doa kulikuwa na jina la mtu na tarehe. Sikuandika maelezo yoyote. Wengi mliuliza ni nini hiyo, wengine mkacheka mkasema ati ni sanaa ya kisasa, na mmoja akaandika: "Pole, lakini ungetumia biro tu." Leo nawajibu. Jibu ni refu kidogo, kwa hivyo jitengenezee chai kwanza.

Hilo doa lilikuwa guka yangu.

Nilimchora mwezi wa Machi, nyumbani kwake Murang'a, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao nje ya jikoni, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Nilitumia kalamu ya wino ambayo nilikuwa nimeiwekea akiba miezi minne ndiyo niinunue, na siku hiyo nilijiona msanii kweli kweli. Sasa, Guka alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kwa miaka mingi. Mambo ya kalamu aliyajua. Aliichukua, akaigeuza, akaipima mkononi, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kalamu ni nzuri. Lakini wino wake ni wa aina gani?" Nikamwambia ni wa bluu. Akanitazama, akanyamaza.

Nilipomaliza nikamwomba aweke sahihi chini ya mchoro. Akakataa kalamu yangu. Akachomoa biro yake kwenye mfuko wa shati, akaandika jina lake na tarehe kwa ule mwandiko wa makarani wa zamani, herufi zote zimelala upande mmoja.

Nikirudi Nairobi mvua ilitunyeshea tukiwa stage. Begi ikaloa, daftari likaloa. Kufika nyumbani nafungua, uso wa Guka umegeuka ziwa. Jina lake halikuguswa. Nikajiambia si neno, nitamchora tena nikienda Agosti. Agosti nilienda kweli, lakini nilienda mazishini.

Kwa miezi kadhaa niliilaumu kalamu. Nikaiweka kwenye droo, sikutaka hata kuiona. Halafu lile swali la Guka likaanza kunisumbua, nikaanza kusoma, na nilichogundua ni hiki: kalamu ya kubeba mfukoni na wino wa kudumu ni vitu viwili tofauti, kila kimoja kina historia yake, na kwa muda mrefu havikuelewana kabisa. Ukichora kitu unachokipenda bila kujua ugomvi huo, utalia kama mimi.

Mwanzo ulikuwa masizi

Wamisri wa kale na Wachina, kila mmoja kivyake, walifikia jibu lile lile. Chukua masizi, changanya na gundi na maji, andika. Wamisri walitumia gundi ya miti. Wachina walitumia gundi inayotokana na wanyama, wakaukausha wino ukawa kipande kigumu cha kusugua juu ya jiwe lenye maji kidogo. Masizi ni kaboni. Jua haliwezi kuyafanya chochote kwa sababu yameshaungua tayari. Ndiyo maana kuna mafunjo ya Misri yenye zaidi ya miaka 3,000 ambayo maandishi yake bado ni meusi.

Na usidhani hizi ni habari za mbali. Gundi ya mgunga, ambayo watengenezaji wa wino na rangi za maji wameitumia tangu zamani, inakusanywa hadi leo kaskazini mwa Kenya, kuanzia Turkana hadi upande wa Garissa. Mchungaji anayebandua matone ya gundi kwenye gome la mti ni sehemu ya hadithi hii, hata kama hajawahi kuona kalamu ya bei ya mbuzi wawili.

Hata neno lenyewe limesafiri. Wagiriki waliita tete *kalamos*, kwa sababu waliandika kwa tete lililochongwa ncha. Waarabu wakalichukua likawa *qalam*. Sisi tukapata kalamu. Kwa hivyo kila ukisema kalamu, hata ukiwa umeshika biro ya shilingi ishirini, unataja tete bila kujua.

Hapa nina neno na sisi watu wa bara. Tunapenda kusema ati kuchora kwa wino ni mambo tuliyoyaona YouTube. Si kweli. Mwaka wa 1728, kisiwani Pate, kulikuwa na mtu ameinama juu ya karatasi akinakili Utendi wa Tambuka kwa hati za Kiarabu, na nakala hiyo ipo hadi leo. Siyu, kwenye kisiwa hicho hicho, ilijulikana kwa Misahafu iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19. Kurasa zake zilipambwa kwa mapambo ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano, mistari imefumwa kama mkeka. Mkono uliochora mapambo yale kwa kalamu ya tete haukuwa na kifutio. Hao walikuwa mabingwa wa wino hapa kwetu kabla hata ya nchi inayoitwa Kenya.

Wino uliobadilika rangi

Ulaya nao walikuwa na wino wa masizi, lakini tangu Zama za Kati ulioenea zaidi ulikuwa mwingine, na asili yake inashangaza. Nyigu mdogo hutaga yai kwenye mti wa mwaloni. Mti unajibu kwa kuota kinundu kigumu kuzunguka lile yai. Watu wakaviokota vinundu hivyo, wakavisaga, wakaviloweka, wakachanganya na chumvi ya chuma na gundi. Wino huo unaanza ukiwa hafifu, halafu hewa ikiugusa unakuwa mweusi. Pia unashika kwenye karatasi yenyewe, kwa hivyo maji hayautoi kirahisi.

Lakini una tabia mbili mbaya. Una asidi, na ukiwekwa mwingi unaweza kuila karatasi hadi itoboke pale penye mstari. Halafu ukizeeka unageuka kahawia.

Tarehe 5 Agosti 1473 kijana wa miaka 21 alichora bonde la mto Arno nchini Italia kwa kalamu na wino, na akaiandika hiyo tarehe pembeni. Jina lake Leonardo da Vinci. Mchoro huo uko Uffizi, Florence, na mistari yake leo ni ya kahawia. Tumeizoea sana rangi hiyo kwenye michoro ya zamani hadi siku hizi kuna programu za simu za kuipaka picha ili ionekane ya kale. Kumbe michoro mingi ya enzi hizo ilikuwa myeusi siku ilipochorwa! Si yote, maana wengine walitumia wino wa masizi ya kuni ambao ulikuwa wa kahawia tangu mwanzo. Lakini mara nyingi tunachokisifu ni kile ambacho miaka imeuachia wino, na mchoraji mwenyewe hakukusudia rangi hiyo.

Ndoto ya kalamu inayojibeba

Hawa wote, wa Misri, wa Siyu na wa Florence, walikuwa na shida moja. Unachovya, unachora mistari michache, wino umeisha, unachovya tena. Ukitaka kuchora nje, lazima ubebe chupa. Na chupa ya wino kwenye mkoba ni kama kubeba uji kwenye bahasha.

Mtu wa kwanza tunayemsoma akilalamika rasmi ni Mwafrika wa kaskazini. Katika karne ya 10, khalifa al-Mu'izz wa utawala wa Fatimiya aliomba atengenezewe kalamu inayobeba wino wake yenyewe, isiyochafua mikono wala nguo. Kadhi wake, al-Nu'man, aliandika kwamba kalamu hiyo ilitengenezwa, tena ya dhahabu, na ilifanya kazi. Hakuna iliyobaki, kwa hivyo tuna maneno yake tu.

Baada ya hapo ni karne nyingi za majaribio. Mwaka wa 1827 mwanafunzi Mromania aliyekuwa Paris, Petrache Poenaru, alipata hataza ya Ufaransa kwa kalamu yenye tangi la wino lililotengenezwa kwa unyoya wa bata maji. Kalamu nyingi za aina hiyo ziliteseka vile vile: ama zinakausha, ama zinamwaga.

Aliyetengeneza mambo vizuri ni Lewis Waterman wa New York, aliyepata hataza yake mwaka wa 1884. Pengine umesikia kile kisa kwamba alikuwa wakala wa bima, kalamu ikamwagia mkataba wino, mteja akahamia kwa mwingine. Hicho kisa kilikuja kupambwa baadaye kwenye matangazo, usikinukuu kwenye mtihani. Lakini kazi yake ni ya kweli. Fikiria unamimina mafuta kutoka kwenye mtungi wenye tundu moja. Yanatoka kwa kurukaruka, kwa sababu hewa inapigania kuingia pale pale mafuta yanapotaka kutoka. Waterman aliweka chini ya ncha mfereji wenye mianya myembamba, wino ukishuka, hewa nayo inapanda kidogo kidogo. Na wino unashuka kwa sababu ile ile inayofanya chai ipande ndani ya mandazi hata kabla hujaizamisha yote: maji yanapenda nafasi nyembamba.

Sasa angalia mtego ulipo. Mianya hiyo ni myembamba mno. Ukitia wino wa masizi wa wachoraji, ambao ni chembe ngumu pamoja na gundi au shelaki, unakauka ndani na mfereji unaziba. Kalamu imekufa. Kwa hivyo kalamu mpya ilitaka wino mwepesi, usio na chembe, rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye maji. Na kitu kilichoyeyuka kwenye maji mara moja kinaweza kuyeyuka tena mvua ikinyesha. Hapo ndipo Guka wangu aliponipotea.

Dawa ya malaria iliyogeuka rangi

Rangi za kuyeyuka za bei nafuu zilitoka wapi? Mwaka wa 1856, London, kijana wa miaka 18 kwa jina William Perkin alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwenye maabara ndogo nyumbani kwao. Alishindwa. Badala ya dawa akapata uchafu uliotoa rangi ya zambarau, akaona unapaka hariri vizuri, akaanzisha kiwanda. Kutoka hapo zikaja rangi nyingi za maabara, na nyingine zikaingia kwenye wino. Zinang'aa, zinateleza, haziachi mchanga. Shida ni kwamba nyingi kati yake zinaogopa jua.

Ushahidi mzuri ni Vincent van Gogh, na yeye hata hakutumia kalamu ya wino. Alipohamia Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka wa 1888, alichonga kalamu za matete ya kule kule, kama tu waandishi wa Pwani yetu. Mwezi wa Julai alichora mandhari ya Montmajour kwa nukta na mistari ambayo hadi leo inafanya mkono uwashe kutaka kuchora. Kalamu yake ilikuwa ya kale, lakini wino mwingine ulikuwa wa zama mpya. Baadhi ya michoro yake iliyochorwa kwa wino wa zambarau leo ni ya kahawia iliyofifia. Makumbusho huiweka gizani na kuionyesha kwa muda mfupi tu. Kwa hivyo hata Van Gogh aliangushwa na wino. Mimi ni nani?

Ofisi ilichukua kalamu, wachoraji wakabaki na chupa

Karne ya 20 watu wakagawana. Kalamu ya wino ikawa ya karani, mwalimu, wakili na meneja. Wachoraji wa kazi, hasa wa magazeti, wakaendelea kuchovya, kwa sababu kamera ya kutengenezea bamba la kuchapisha ilitaka mstari mweusi tititi, na bluu hafifu haikuiona vizuri. Kwa ninyi mliokua mkisoma Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye Taifa Leo, ile mistari myeusi iliyokaa wazi kwenye karatasi duni ya gazeti ndiyo kazi ninayoizungumzia.

Makarani nao hawakuwa wajinga wa wino. Uingereza, rejista za ndoa na vizazi ziliandikwa kwa wino maalum wa chuma, ule ule wa vinundu vya mwaloni, kwa sababu serikali haitaki ndoa ya mtu ifutike kwa maji. Na kampuni ya Parker, iliyoleta wino wa Quink mwaka wa 1931, iliuza chupa za aina mbili: wino wa kudumu na wino wa kuoshwa. Wa kuoshwa ulikuwa na kazi yake nzuri tu, mtoto wa shule akijimwagia shati, mama anafua linatoka.

Sasa mnaelewa swali la Guka. Mtu aliyeshinda miaka kwenye vitabu vya hesabu za wakulima alijua kwamba "bluu" si jibu. Nilienda kuangalia chupa yangu. Si Quink, ni ya kampuni nyingine, lakini iko pale kwenye lebo kwa herufi ndogo: wino wa kuoshwa. Mvua ilifanya tu kile ambacho chupa iliahidi.

Na biro? Hapa yule ndugu wa komenti apewe haki yake. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, alipata hataza mwaka wa 1938 kwa kalamu yenye kigololo nchani, na wino wake ni mzito, una mafuta. Maji hayauwezi. Ndiyo maana sahihi ya Guka ilibaki. Lakini biro nayo ukiiacha juani miaka mingi inafifia, na mstari wake hauna unene na wembamba ambao nibu inakupa ukikaza au ukilegeza mkono. Kila kifaa kina bei yake.

Siku hizi wamepatana, kiasi

Habari njema ni kwamba ugomvi umepungua. Makampuni ya Japani kama Platinum na Sailor hutengeneza wino wa kaboni ambao chembe zake zimesagwa kuwa ndogo mno, zinapita kwenye mfereji bila kuuziba, mradi unaitumia kalamu mara kwa mara na kuiosha. Ni masizi yale yale ya Misri, ila sasa yanaingia mfukoni. Ukikauka, unaweza kupaka rangi za maji juu yake na mstari haukimbii.

Wino wa namna hiyo umewafaa sana watu wanaochora mitaani. Mwaka wa 2007 Gabriel Campanario, mwandishi na mchoraji wa gazeti huko Seattle, Marekani, alianzisha kundi la Urban Sketchers, na leo lina wafuasi kwenye miji mingi duniani. Kanuni yao kubwa ni kuchora ukiwa pale pale, unachokiona kwa macho yako. Soko, stage, kibanda cha mama mboga, guka kwenye kiti chake. Kwa kazi hiyo kalamu inayojibeba ni rafiki wa kweli. Hiyo sibishani.

Ninachobishana nacho ni tabia yetu. Tunaonyeshana kalamu: nibu ya dhahabu, kalamu ya mtumba iliyookotwa Gikomba, kalamu iliyoagizwa nje. Video zote ni za kalamu. Wino tunauchagua kwa rangi ya kupendeza kwenye skrini. Lakini kalamu haibaki kwenye karatasi. Ukimaliza unaifunika na kuirudisha mfukoni. Kinachobaki na mtu uliyemchora ni wino, basi.

Kwa hivyo fanya hivi kabla hujamchora mtu wako. Chora mistari mitano kwenye kipande cha karatasi. Subiri siku moja ikauke, kisha dondoshea nusu yake maji. Kipande kingine kibandike dirishani penye jua, nusu umeifunika, ukiache miezi miwili. Hiyo haigharimu chochote. Ukiona mstari umekimbia au umepauka, wino huo utumie kwa barua na orodha ya sokoni, si kwa sura ya mzazi wako.

Ile kalamu nimeitoa kwenye droo. Nimeiosha, nimeitia wino wa kaboni, na wikendi hii naenda kumchora cucu, mke wa Guka, akikubali kukaa kitako dakika kumi. Najua atauliza nimetumia nini. Safari hii nina jibu.

Karatasi yenye doa sijaitupa. Nimeiweka kwenye fremu vile ilivyo, doa la bluu juu, jina na tarehe chini. Mwenye jina alichagua wino wake vizuri.